MGUU ULIOKATIKA KAZINI SI DENI LA MFANYA KAZI



Mtu anapokatwa mguu, jamaa zake huulizana maswali mawili. La kwanza ni kama atapona. La pili, ambalo husemwa kwa sauti ya chini nje ya wodi, ni nani atakayelipa. Swali la kwanza tunamwachia daktari. La pili ni letu, na ndilo tunalotaka kulijibu katika toleo hili.

Jibu lenyewe ni fupi. Mguu ukikatika kwa ajali ya kazi, mlipaji ni tajiri. Hulipa hospitali, hulipa dawa, hulipa nauli ya kwenda kutibiwa, hulipa magongo, hulipa mguu wa bandia, na mguu huo ukiharibika hulipa kuutengeneza au kununua mwingine. Mshahara wako haumo katika hesabu hiyo, wala michango ya majirani haimo. Na haya si maombi ya Chama wala si hisani ya meneja. Ni Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 47, ambayo ilianza kutumika mwezi wa Juni 2008.

Kama sheria iko wazi hivyo, mbona tunaandika? Tunaandika kwa sababu wafanya kazi wengi hawaijui, na tajiri hana haraka ya kuwafundisha. Mwenye haki asiyeijua haki yake ni kama mwenye shamba asiyejua mpaka wake. Kila jirani atamlimia.

HESABU YA MGUU MMOJA

Watu wengi hudhani kwamba gharama ya kukatwa mguu ni gharama ya siku moja: mgonjwa ameingia chumba cha upasuaji, ametoka, amelipa, amekwenda nyumbani. Si hivyo hata kidogo, na tajiri anayetoa bahasha ya pole siku ya kwanza anajua vizuri kwamba si hivyo.

Mguu uliosagwa na mashine au kugongwa na foklifti mara nyingi haukatwi na kushonwa siku hiyo hiyo. Jeraha la namna hiyo lina uchafu, grisi, udongo na nyama iliyokufa. Daktari huliosha na kuondoa nyama mbovu, huliacha wazi, kisha humrudisha mgonjwa ndani mara ya pili, na pengine ya tatu au ya nne, kabla ya kulifunga. Kila safari ina dawa yake ya usingizi, bandeji zake na kazi ya madaktari. Kati ya safari na safari kuna kitanda cha kila siku, damu ya kuongezewa, picha za mifupa, vipimo vya maabara na sindano za kuua vijidudu. Tena yawezekana mguu ukakatwa chini, kidonda kikakataa kupona, ikabidi ukatwe tena juu zaidi.

Mgonjwa akitoka hospitali, hesabu haijafungwa. Kigutu huchukua majuma, na kwa wengine miezi, kabla ya kupona sawasawa. Kuna bandeji za kubadilisha na mazoezi ya viungo ili goti na nyonga zisikakamae. Kuna maumivu ya ajabu ambayo mtu huyasikia katika mguu ambao haupo tena. Hayo ni maumivu ya kweli, yana matibabu yake, wala si uchawi.

Kisha ndipo unapokuja mguu wa bandia. Aliyekatwa chini ya goti amebakiwa na goti lake, kwa hiyo mguu wake wa bandia ni mwepesi na bei yake ni ndogo kuliko wa yule aliyekatwa juu ya goti, ambaye lazima atengenezewe na goti pia, na ambaye hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua. Zaidi ya hayo, kigutu hupungua unene katika mwaka wa kwanza. Mguu uliomfaa mtu mwezi wa nne utamlegea mwezi wa kumi na kumchubua ngozi, naye atahitaji kikombe kingine cha kushika kigutu. Baadaye, kila baada ya miaka michache, mguu wa bandia huchakaa kama kiatu kinavyochakaa. Kijana wa miaka 25 akikatwa mguu leo, atahitaji miguu ya bandia mingi kabla hajafika umri wa kustaafu.

Wala mahali pa kutengenezea miguu hiyo si kila mtaa. Ziko karakana katika hospitali kubwa kama Kenyatta na Kikuyu, na za Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, ambacho kina kazi zake Nairobi na Mombasa na kwingineko. Anayetoka katika mashamba ya chai au ya mkonge hulipa nauli, chakula na malazi ya kwenda kupimwa, kwenda kujaribisha, na kwenda kurekebishiwa.

Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Haiishi mwezi mmoja. Huendelea muda wote mtu anapoishi. Ndiyo maana tunawaonya: anayepokea Sh. 50,000/- za pole na kutia sahihi kwamba "mambo yamekwisha" ameuza kitu ambacho bei yake hajaijua.

SHERIA INASEMAJE

Yafaa kila mjumbe wa Chama kiwandani ayajue mambo haya kwa moyo.

Kifungu cha 7 kinamlazimisha kila tajiri kukata bima kwa ajili ya wafanya kazi wake. Kibarua wa kutwa naye ni mfanya kazi siku hiyo; sheria haikuandikwa kwa ajili ya wenye kandarasi za kudumu peke yao, na mwanafunzi wa kazi anahesabiwa pia.

Mtu akiumia na kushindwa kazi kwa siku 3 au zaidi, anastahili malipo ya kila kipindi yaliyo sawa na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12, kwa kufuata viwango vya chini na vya juu vinavyowekwa na Waziri. Maana yake ni kwamba kitanda cha hospitali hakikati mshahara.

Akibaki na kilema cha kudumu, fidia hupigwa kwa mapato ya miezi 96. Tuchukue mfano wa mtu anayelipwa Sh. 20,000/- kwa mwezi. Mara 96 ni Sh. 1,920,000/-. Hiyo ni kwa kilema cha asilimia 100. Kama kilema chake kimepimwa kuwa asilimia 50, fidia ni Sh. 960,000/-, nayo vilevile hufuata viwango vya Waziri. Asilimia za kila kiungo zimeandikwa katika jedwali lililo mwisho wa sheria hiyo. Si za kukisiwa na karani wa bima.

Na hili liangaliwe sana: fidia hiyo ni tofauti na gharama za hospitali. Fidia ni ya kiungo kilichopotea. Hospitali, dawa, nauli na mguu wa bandia ni juu ya tajiri mbali na fidia. Tajiri akisema, "Tutakata bili ya hospitali katika fidia yako," mjibu kwa heshima kwamba kifungu cha 47 hakisemi hivyo.

HILA ZA KUMTUPIA MFANYA KAZI MZIGO

Hila ya kwanza ndiyo inayotumika sana siku hizi. Mtu ameumia saa nne ya asubuhi mbele ya mashine. Nyapara anampakia katika gari, na njiani anamwambia, "Ukifika, waambie umeumia nyumbani, uandikishwe kwa bima yako ya SHA, mambo yatakuwa rahisi." Mtu ana maumivu, anaogopa kupoteza kazi, anakubali. Tangu dakika ile karatasi za hospitali zinasema ajali ya nyumbani. Mambo yamekuwa rahisi kweli, lakini kwa nani?

Tukumbuke Mfuko wa Afya ya Jamii ni fedha za nani. Tangu mwezi wa Oktoba 2024, ulipochukua mahali pa ile NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966, kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mwenye Sh. 20,000/- hukatwa Sh. 550/- kila mwezi. Katika makato hayo tajiri haongezi hata senti moja. Basi bili ya ajali ya kazi ikipelekwa huko, aliyeumia ndiye amelipa kwa makato yake, na wenzake wameongezea, na tajiri aliyeondoa kinga ya mashine ili kazi iende mbio ametoka na mikono mitupu. Na hasara haiishi hapo. Kama karatasi zinasema umeumia nyumbani, utakapodai fidia ya miezi 96 utaulizwa ushahidi, na ushahidi wa kwanza utakaotolewa juu yako ni maneno yako mwenyewe.

Hila ya pili ni harambee. Tunausifu moyo wa kusaidiana. Bila moyo huo hata Chama kisingekuwapo. Lakini harambee inayolipa deni la tajiri ni zawadi kwa tajiri. Mchangieni mwenzenu chakula cha watoto na karo ya shule. Bili ya ajali ya kazi ipelekwe inakostahili.

Hila ya tatu ni kusema, "Kosa ni lako mwenyewe, uliambiwa usiingize mguu pale." Wengi hunyamaza wakisikia maneno hayo. Yafaa ijulikane kwamba sheria haimnyimi fidia mtu aliyepata kilema kikubwa, hata kama anashutumiwa kwamba alikosa kwa makusudi. Kizuizi hicho ni cha majeraha madogo. Anayethubutu kusema kwamba kupoteza mguu ni jeraha dogo na asimame mbele ya watu aseme.

FANYENI HIVI

Kwanza, okoeni mguu. Msuli usiopata damu kwa saa sita hivi huanza kufa, kwa hiyo mguu ambao ungeweza kufungwa plasta hugeuka mguu wa kukatwa kwa sababu gari lilichelewa kuletewa mafuta. Gandamizeni jeraha kwa kitambaa safi. Damu ikiwa inaruka na haizuiliki, fungeni kwa nguvu juu ya jeraha na mwandike saa mliyofunga. Kumpeleka majeruhi hospitali ni wajibu wa tajiri kwa sheria, wala si fadhili. Gari la meneja ni gari pia.

Pili, semeni kweli hospitalini. Anayemsindikiza aseme wazi: ameumia kazini, mahali fulani, saa fulani, kwa mashine fulani. Hakikisheni maneno hayo yameandikwa.

Tatu, arifuni siku ile ile. Taarifa kwa tajiri inaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, lakini sisi tunasema iandikwe, na nakala ibaki kwa mjumbe wa Chama. Tajiri akishapata habari ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Msingoje mgonjwa apone ndipo muulize kama fomu ilijazwa.

Nne, andikeni majina ya walioona. Miezi sita baadaye wengine watakuwa wameacha kazi, wengine watakuwa wamesahau.

Tano, tunzeni kila karatasi: risiti ya dawa, tikiti ya matatu, cheti cha daktari, bili ya karakana ya miguu. Shilingi isiyo na karatasi ni vigumu kuidai.

Sita, msikose muda. Madai ya fidia yapelekwe kabla miezi 12 haijapita tangu siku ya ajali. Mkurugenzi akishayapeleka madai kwa tajiri au kwa kampuni ya bima, wao wana siku 90 za kuyamaliza. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupinga, na baada ya jibu ana siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Kazi.

Saba, anzeni mahali panapostahili. Mahakama ya Juu iliamua tarehe 3 Desemba 2019 kwamba sheria hii ni halali na kwamba njia yake ni ya kufuatwa. Madai ya namna hii huanza kwa Mkurugenzi. Wapo mawakala wanaozunguka katika wodi wakiahidi mamilioni ya mahakamani na kumtia mgonjwa sahihi akiwa bado na usingizi wa dawa. Msitie sahihi karatasi yoyote, iwe ya wakala au ya tajiri, kabla ya kuileta ofisini kwetu ikasomwe.

Na kama hospitali ikimzuia mgonjwa aliyepona kwa sababu bili haijalipwa, tuarifuni upesi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi iliyohusu Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliamua kwamba kumfungia mtu hospitalini kwa ajili ya deni ni kuvunja haki zake za Katiba. Deni hudaiwa kwa njia za deni. Mtu si rehani.

MIGUU INAYOPOTEA POLEPOLE

Hatutasema kweli yote kama tukinyamaza juu ya miguu mingine, ile isiyokatwa na mashine. Ugonjwa wa sukari unakata miguu ya wafanya kazi kimyakimya, na hapo kifungu cha 47 hakifiki. Bili ile huangukia SHA na jamaa.

Ugonjwa huu huua hisia za nyayo. Mtu hukanyaga msumari, au buti la mpira humchubua kisigino, naye hasikii. Kidonda huoza ndani ya soksi. Kati ya miguu inayokatwa kwa ajili ya sukari, zaidi ya minane katika kila kumi ilianza kwa kidonda cha namna hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuosha kidonda kidogo katika zahanati ni kazi ya shilingi chache; kukata mguu ni ile hesabu ndefu tuliyoieleza juu.

Kwa hiyo kila mwanachama aliyeambiwa ana sukari atazame nyayo zake kila jioni, na katikati ya vidole, au amwombe mkewe, mumewe au mtoto amtazamie. Asivae buti la kubana wala asivae bila soksi. Kidonda kisichopona kwa siku chache kipelekwe kwa daktari, siyo kwa muuza dawa za barabarani. Na nyinyi ambao hamjapimwa, kapimweni. Ni tone moja la damu.

MADAI YETU

Katika mapatano yajayo Chama kitaweka mezani mambo manne, na tunataka kila tawi liyajadili kabla ya hapo.

La kwanza, tajiri abandike ukutani jina la kampuni yake ya bima na namba ya bima, mahali ambapo kila mtu ataiona. Bima iliyofichwa katika sanduku la meneja haimfai majeruhi. La pili, kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi kamati ya usalama na afya iwe hai, kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inavyotaka, na wajumbe wa wafanya kazi wawe na ruhusa ya kusimamisha mashine isiyo na kinga. La tatu, aliyepoteza mguu arudishwe katika kazi anayoiweza, kwa mshahara usiopungua. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Na mtu aliyejua kazi ya godauni miaka kumi hakupoteza akili pamoja na mguu. La nne, mguu wa bandia na matengenezo yake yaandikwe wazi katika mapatano, ili mtu asianze kesi mpya kila unapochakaa.

Matajiri watasema gharama ni kubwa. Ni kubwa kweli, nasi tumeieleza bila kuipunguza. Lakini gharama haipotei kwa sababu tajiri amekataa kuilipa. Huhamia kwa mama anayeuza shamba, kwa mtoto anayeacha shule, kwa mtu mzima anayetambaa kwa sababu mguu wake wa bandia umevunjika na hana wa pili. Tajiri anayelipa gharama hiyo mwenyewe ndiye atakayeona kwamba kinga ya chuma juu ya mashine ni rahisi kuliko mguu. Yule anayewasukumia wengine hataiona kamwe, naye ataendelea kutuletea vigutu.

Basi, ndugu, hesabu hii irudi mlangoni kwake. Someni toleo hili kwa sauti wakati wa chakula, kwa ajili ya wale wasiosoma. Lipeni ada zenu, kwa maana mtu mmoja mwenye gongo mbele ya kampuni ya bima ni mwombaji, bali Chama kizima nyuma yake ni mdai. Na ajali ikitokea leo zamu ya usiku, msingoje asubuhi. Andikeni.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI